Shamba Lililotolewa kwa Mdomo

Mhadhara kwa wananchi wa Lusewa, Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma

Nimeombwa nizungumzie hiba, yaani mali anayoitoa mtu angali hai kumpa ampendaye. Sitazunguka. Naanza na maneno ambayo kila aliyekaa hapa ameyasikia, na baadhi yetu tumeyasema wenyewe: "Mwanangu, hili shamba ni lako. Mimi nikifa, chukua."

Ni maneno matamu, na mzee anayeyasema mara nyingi hana hila yoyote. Lakini yapeleke kwa sheikh anayejua fiqhi, utaambiwa yamebeba mambo mawili yasiyolala kitanda kimoja. "Ni lako" ni hiba. "Nikifa, chukua" ni wasia. Mtoto ni mrithi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwishabainisha kwamba mrithi hana wasia. Warithi wenzake wakiridhia baada ya mauti, jambo limepita. Akikataa mmoja, fungu lake huyo haliguswi. Kwa hiyo kijana aliyepalilia shamba lile miaka na miaka akijua ni lake, arubaini ikiisha anaambiwa lirudi kwenye mirathi likagawiwe. Hapo ndipo ndugu wa baba mmoja wanapoacha kuzikana.

Madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi kuanzia Lamu hadi huku kwetu Ruvuma, hayana utata katika jambo hili. Anayetoa awe baleghe, mwenye akili timamu, asiyelazimishwa, na mali iwe yake kweli. Atamke kwamba ametoa. Anayepewa akubali. Kisha mali ikabidhiwe na ipokewe. Hilo la mwisho ndilo tunaloliruka. Kabla ya kukabidhi, mtoaji ana hiari ya kughairi, na milki haijahama hata kama alitamka mbele ya msikiti mzima.

Kisa kikubwa kuliko vyote katika mlango huu ni cha Sayyidna Abubakar na bintiye Bibi Aisha, na Imamu Malik amekiweka katika Muwatta. Abubakar alimpa bintiye tende za kipimo cha wasaki ishirini, za kuchumwa kwenye mitende yake mahali palipoitwa Ghaba. Bibi Aisha hakuzichuma. Baba alipolala kitanda cha mauti alimwambia kwamba hakuna mtu ambaye angependa awe tajiri baada yake kuliko yeye. Lau angekuwa amezichuma na kuziweka mkononi zingekuwa zake, ila leo zimekuwa mali ya warithi, nao ni kaka zake wawili na dada zake wawili. Aisha akashangaa, dada ninaye mmoja tu, Asma, huyo wa pili nani? Akajibiwa kwamba yumo tumboni mwa mke wa Abubakar, binti Kharija, na baba anadhani ni mtoto wa kike. Akazaliwa kweli wa kike, Ummu Kulthum. Tazameni uzito wake: khalifa wa kwanza, mtoaji hana shaka, mpokeaji ni mama wa waumini, shahidi ni baba mwenyewe, na bado tende zikarudi kwenye mirathi, tena zikamgusa mtoto ambaye alikuwa bado hajazaliwa. Sasa wewe wa Lusewa unayesema "kila mtu anajua baba alinipa", unajiona una hoja ya kumzidi Bibi Aisha?

Tupime kwa shamba la mikorosho. Mzee katamka mbele ya watu kwamba ekari tatu za upande wa bondeni ni za binti yake. Msimu umefika. Nani anapogolea na kupalilia? Nani anaamua mikorosho ipulizwe lini? Jina la nani limo kwenye daftari la AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao, na salfa ya ruzuku imetoka kwa jina la nani? Korosho zikipimwa ghalani, stakabadhi inaandikwa kwa nani, na mnada ukishapita, fedha zinaingia akaunti ya nani? Kama jibu la maswali yote ni "mzee", basi binti kapewa ahadi, na ahadi hairithishi shamba. Vitabu vya fiqhi havikuijua AMCOS, wala jina kwenye daftari peke yake silo linalohamisha milki. Ila vitabu vinauliza mkono wa nani uko juu ya mali, na siku hizi mkono huo unaonekana kwenye stakabadhi kuliko mahali pengine popote.

Geuza upande wa pili. Binti kakubali, kaonyeshwa mipaka mbele ya majirani wanaopakana naye, kaandikisha shamba kwa jina lake, fedha zinaingia kwake, na kila msimu anamtolea baba sehemu kwa ihsani yake mwenyewe. Hapo hiba imetimia. Baba anakula vilevile, na milki iko kwa binti.

Nyumba ni ngumu zaidi, kwa sababu mzee anayetoa nyumba kwa kawaida anaendelea kulala humohumo. Mafakihi wetu wanasema kukabidhi nyumba ni kuiachia: mtoaji atoe vitu vyake, ampe mwenzake nafasi. Vitanda, magunia ya mpunga na baiskeli ya mzee vikibaki ndani, panya hatajua kama mwenye nyumba amebadilika, na hakimu naye hatajua. Anayetaka kuitoa nyumba huku akiishi humo na amwulize sheikh kwanza. Anaweza kuondoka, akakabidhi kikamilifu, kisha mwenye nyumba mpya akamkaribisha arudi kukaa. Na jihadharini na kusema "nyumba hii ni yako muda wa uhai wako." Mtu hudhani ameazima, kumbe kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu hiyo ni hiba kamili, mpokeaji akifa nyumba inakwenda kwa warithi wake, hairudi kwa aliyetoa.

Mtoto mdogo hana taabu. Baba yake ndiye walii wake, anatoa na anapokea kwa niaba yake. Hata hivyo aseme na aandike, ili isije ikadaiwa baadaye kwamba alikuwa akijiwekea mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo la kwetu hasa, ambalo sheikh wa Tanga au wa Mombasa hatalitaja akizungumza kwao. Sisi Wayao tunahesabu ukoo kwa mama. Mwanamume akioa anahamia kwa mkewe, na kaka mkubwa ndiye anayelea mbumba yake, yaani dada zake na watoto wao. Kwa desturi ya zamani mpwa ndiye aliyesimama mahali pa mjomba akifa. Mtoto wa kumzaa alikuwa na mjomba wake kwingine, akatafute huko. Uislamu ulipoingia kwetu kwa njia ya misafara ya Kilwa, ukaenea hasa mwishoni mwa karne ya 19, ulikuja na hesabu nyingine kabisa: mke, watoto, wazazi. Mtoto wa dada hana fungu katika aya za Suratun-Nisaa. Yuko nyuma sana, katika ndugu wa tumboni wanaofikiriwa pale tu ambapo warithi wa mbele hawapo.

Matokeo yake mnayajua. Mjomba anafariki. Watoto wanasema, sisi ni Waislamu, twende kwa hesabu ya Kurani, na wako sahihi. Mpwa anasema, mimi nimekaa na mjomba tangu nikiwa mdogo, nimechunga mbuzi wake, nimefyeka pori hili kwa mikono yangu, leo sina kitu? Na yeye kuna haki anayoidai, ila si mirathi. Dawa yake ilikuwa mkononi mwa mjomba alipokuwa hai, na hakuitumia.

Hebu tupige hesabu. Mzee ana ekari 24. Ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja, mabinti wawili, na wazazi wake wametangulia. Madeni na gharama za mazishi zimeshalipwa. Kama hakusema lolote, mpwa hapati hata mkorosho mmoja. Kama aliusia thuluthi, na kwa mpwa inajuzu kwa sababu si mrithi, mpwa anachukua ekari 8. Zinabaki 16: mke thumni, yaani 2, zilizobaki 14, kijana 7 na kila binti tatu na nusu. Hakuna aliyedhulumiwa, na hakuna wa kumwuliza mzee kwa nini. Thuluthi hiyo Mtume aliitaja kwa Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa zaidi, akaongeza kwamba thuluthi nayo ni nyingi. Na kama mjomba angependa kutoa akiwa mzima, angempa mpwa ekari zake mkono kwa mkono, bila mpaka wa thuluthi na bila kungoja mtu afe. Mimi nadhani kwa mpwa aliyefyeka pori, hiba ndiyo inayomfaa zaidi. Wasia unasomwa siku ambayo watu wana uchungu, na mwenyewe hayupo kueleza.

Kuna tahadhari moja kuhusu ndoa zetu. Mwanamume aliyejenga kwa mkewe, kwenye ardhi ya ukoo wa mke, asije akampa mpwa wake uwanja ule. Ukuta na bati ni vyake, ardhi si yake. Huwezi kutoa hiba ya kitu cha watu.

Upande wa pili kuna mzee mwenye mabinti watupu. Ekari zilezile 24, mke, mabinti wawili na kaka mmoja wa baba na mama. Mabinti wana thuluthi mbili, ekari 16, nane kila mmoja. Mke thumni, 3. Zilizobaki 5 ni za kaka, kwa sababu ndiye asaba, mrithi anayechukua kilichobaki baada ya mafungu. Wazee wengi hawalali kwa sababu ya ekari hizo tano, hasa kama kaka mwenyewe walishagombana miaka mingi. Ndiyo maana duniani kote hiba imekuwa njia ya kuwatunza mabinti. Kule Malaysia imekuwa kazi rasmi. Kampuni za udhamini kama Amanah Raya zinaandaa hati za hiba kama benki zinavyoandaa hati za mkopo.

Je, inajuzu? Ukiwa mzima, ukatoa kweli na kukabidhi kweli, hiba inapita. Ila dhamira yako utaulizwa wewe. Kumtunza binti ni jambo moja, kumfanyia inda kaka yako ni jingine, na mtu anaweza kuyafanya yote mawili kwa saini ileile. Ushauri wangu kwa mzee wa namna hii ni awape mabinti nyumba na ekari za karibu, awakabidhi leo, na sehemu iliyobaki aiachie iende kwenye mafungu. Anayehamisha kila kitu mpaka mkeka wa kuswalia anafunga mlango ambao Mola ameufungua kwa ndugu wengine, na mabinti ndio watakaoishi na chuki ya baba yao mdogo.

Kuhusu watoto, hadithi ya Nu'man bin Bashir ndiyo msingi. Baba yake alimpa zawadi, mama akasema sikubali mpaka Mtume ashuhudie. Mtume akauliza kama watoto wengine nao wamepewa mfano wake. Akajibiwa hapana. Akakataa kushuhudia, akamtaka awe mwadilifu baina ya wanawe. Kwa Mashafi kumpendelea mmoja bila sababu ni makuruhu, ingawa hiba haibatiliki. Mahanbali wao wanaiona haramu. Na wengi wetu hatulijui hili: katika hiba, Mashafi wanataka binti na kijana wapewe sawa kwa sawa. Kipimo cha mwanamume mara mbili ni cha mirathi. Mzee anayegawa akiwa hai akampa kijana ekari nne na binti mbili, akidhani ndiyo dini, anatumia hesabu ya siku ambayo bado haijafika. Sababu ya kuzidisha inaweza kuwapo, mtoto mwenye ulemavu, au binti aliyeacha shule akamwuguza mama miaka yote. Iseme hadharani, wenzake wakusikie.

Maradhi nayo. Mtu ameshazidiwa, amerudishwa kutoka Songea, ndugu wamejaa uani, ndipo anaitwa katibu aandike hiba. Imechelewa. Anachotoa mtu katika ugonjwa anaokufa nao kinahesabiwa kama wasia: kisizidi thuluthi, na kwa mrithi kinangoja ridhaa ya wenzake. Hati iliyoandikwa usiku wa mwisho, yenye dole gumba linalotetemeka, hata ikiwa na mhuri wa ofisi haimsaidii aliyepewa. Inampa tu kesi ndefu.

Sheria ya nchi nisiiache, maana mirathi yetu huku Bara inaishia mahakamani. Mahakama zinaruhusiwa kutumia sheria ya Kiislamu kwa Waislamu katika ndoa, talaka, ulezi, mirathi na wakfu. Palipo na mzozo kama marehemu alikuwa wa dini au wa mila, majaji wetu wameangalia aliishi vipi na alikuwa na nia gani. Mtu aliyeswali maisha yote na kugawa mali yake kwa mbumba peke yake amewaachia hakimu na wanawe kitendawili. Sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, Tangazo namba 436, ziliandikwa kwa ajili ya makabila yanayohesabu ukoo kwa baba. Hazikutuandikia sisi. Mpwa anayetaka kuishinda kesi kwa mila ya Kiyao anaanza kwa kuithibitisha mila yenyewe, shahidi mmoja baada ya mwingine.

Ardhi ya hapa iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999. Haki ya kimila ya ardhi hairuki kutoka mkono huu kwenda huu kimyakimya. Halmashauri ya Kijiji inapaswa kuidhinisha. Mwenye hati ya hakimiliki ya kimila apeleke jambo kijijini, jina libadilishwe kwenye masjala. Sheria hiyohiyo inaikataa mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki ardhi. Kwa nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuiuza, kuiweka rehani au kuitoa zawadi. Bwana asiyemwuliza bibi akaitoa nyumba wanayoishi, atakuja kuulizwa na mahakama.

Nimeulizwa kabla ya kupanda hapa kuhusu wakfu wa familia, shamba lisiuzwe, wale watoto na wajukuu daima. Upo katika dini, lakini una historia chungu kwenye mahakama za kikoloni. Mapema miaka ya 1950 wakfu wa familia moja ya Mombasa ulifika Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa ya wakoloni kule London, ukabatilishwa kwa hoja kwamba fungu la maskini lilikuwa la mbali mno, la jina tu. Majaji walifuata uamuzi wao wa 1894 kutoka India, ingawa India yenyewe ilikuwa imetunga sheria mwaka 1913 ya kuurekebisha. Mafakihi hawakuiona hoja hiyo kuwa ya Kiislamu hata kidogo. Anayetaka njia hiyo asiende peke yake. Atafute sheikh na mwanasheria wakae meza moja.

Kuna watu ambao mafungu hayawafikii na tunakutana nao kila siku. Mkoa wetu ni wa Waislamu na Wakristo, na mbumba moja inaweza kuwa na hawa na wale. Mama asiye Mwislamu hamrithi mwanawe, lakini mwanawe anaweza kumpa hiba leo na kumwusia katika thuluthi, tena ni wema. Mjukuu aliyefiwa na baba anazuiwa na baba zake wadogo. Mtoto wa kulea, mtoto wa kambo, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kwa upande wa baba, na mtalaka aliyekulelea watoto, hawa wote hawamo. Nikiambiwa nichague hiba zipi zianze kuandikwa hapa Lusewa, nitaanza na hizi, kwa sababu mrithi hata ukimsahau Kurani haijamsahau.

Karatasi yenyewe haihitaji Kiswahili kigumu. Jina la anayetoa na anayepewa, tarehe, kwamba mtoaji ni mzima na hakulazimishwa, mipaka ya shamba kwa majirani waliopo, kwamba mpewa amekubali na amepokea siku hiyo, na saini za mashahidi ambao wenyewe hawana fungu katika mali ile. Kisha kijijini.

Limebaki swali ambalo wazee hawalisemi mbele ya watoto: nikitoa, nitakula nini? Ni woga halali. Hakuna anayewaambia mtoe vyote. Toeni kipande, bakini na kipande. Na kwa mtoto, sheria imewaachia mlango: kumrudia mtu zawadi uliyompa ni jambo ambalo Mtume alilikemea kwa ukali, lakini mzazi ameruhusiwa kumrudia mwanawe, hata baada ya kukabidhi. Kwa Mashafi mama na babu wamo humo. Mpwa hayumo, ukishamkabidhi, basi. Na mlango wa mzazi uko wazi tu wakati mali bado ni ya mtoto. Akishaiuza kwa mtu mwingine, mzazi hana cha kurudisha, mnunuzi ameshaweka mipaka yake.

Maswali yaanzie upande wa akina mama. Wao ndio wanaobaki shambani siku tunapofika na kamba kupima.